Kutoka "Merchant" hadi "Mabepari": Visawe, Tofauti za Maana na Anwani ya Mabepari wa Venisi

Mwaka 1969 Oxford University Press ilichapisha tafsiri ya Kiswahili ya The Merchant of Venice, tamthilia ya William Shakespeare, kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mfasiri alikuwa Julius Kambarage Nyerere, Rais wa Tanzania, na Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Katika hali hiyo ni rahisi mno kwa mhakiki kuishia jaladani: analiona neno mabepari, analikumbuka Azimio, kisha anahitimisha kwamba mfasiri alimvika Shakespeare shati la Ujamaa.

Mazrui (1996) na Devji (2000) wameijadili tafsiri hii kwa kuihusisha na siasa ya wakati wake, na hakuna mtafiti makini anayeweza kuikana siasa hiyo. Hata hivyo, hoja ya kisiasa, inapotumiwa kama lawama, husimama juu ya dhana ambayo yenyewe huwa haijathibitishwa: kwamba Kiswahili kilikuwa na neno jingine lililo sawa na "merchant", nalo likaachwa kwa makusudi. Dhana hiyo ndiyo inayopimwa hapa. Iwapo neno hilo lilikuwapo, mfasiri alipotosha. Iwapo halikuwapo, basi alichagua hasara moja kati ya hasara kadhaa, na kazi ya mhakiki ni kueleza ni hasara ipi na ilinunua nini.

Uchambuzi unahusu anwani peke yake. Namna neno hilo linavyojitokeza ndani ya mazungumzo ya wahusika ni suala jingine, linalodai ulinganishi wa mstari kwa mstari, na halitaguswa. Anwani ni matini fupi, lakini ni matini kamili: husomwa na watu ambao hawatalifungua jalada, na kwa wale watakaolifungua huwa ndiyo ahadi ya kwanza.

4.3.1 Mipaka ya neno la matini chanzi

Mtafsiri anayelitafutia neno "merchant" kisawe cha haraka hupata mfanyabiashara, na neno hilohilo humfaa kwa "trader", kwa "dealer" na hata kwa "businessman". Kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa tangazo la gazeti jambo hilo halina madhara. Kwa tamthilia hii linayo, kwa kuwa tamthilia nzima imejengwa juu ya mipaka ambayo neno mfanyabiashara haliichori.

Neno "merchant" liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na asili yake ya mbali ni Kilatini. Kufikia mwishoni mwa karne ya 16, wakati Shakespeare alipoandika, matumizi yake makuu yalikuwa yamejikusanya kwa mtu anayenunua na kuuza kwa jumla, hasa kwa kuvuka bahari. Chini yake walikuwapo mwenye duka, anayeuza rejareja mahali pamoja, na "pedlar", anayetembea na bidhaa zake mgongoni. Kulikuwa pia na "monger", neno la Kiingereza cha kale ambalo mwanzoni halikubeba ubaya wowote. Leo limebaki salama katika majina ya wauza samaki na wauza vyuma, lakini likiungwa na neno vita au neno hofu huwa tusi. Maneno ya biashara huchakaa, na huchakaa upande wa heshima. Hata "merchant" lenyewe halikuwa limesalimika: katika Romeo and Juliet Yaya analitumia kumkejeli Mercutio, likiwa na maana ya mtu fulani tu asiye na adabu.

Kwa ujumla, basi, neno hilo lina sifa bainifu tatu zinazoonekana mara moja: ukubwa wa biashara, umbali wa safari, na hatari ya mali kupotea njiani. Antonio anazo zote. Merikebu zake ziko njiani kwenda na kutoka Tripoli, Mexico, Uingereza, Lisbon, Bara Hindi na pwani ya Afrika Kaskazini. Rafiki zake wanajaribu kumliwaza kwa kukisia kwamba huzuni yake ni ya mtu mwenye hariri na viungo juu ya maji. Yeye mwenyewe anajitetea kwamba mali yake haikupakiwa katika chombo kimoja.

Ipo sifa ya nne, nayo haionekani hadi mtu wa pili aingie jukwaani. "Merchant" ni mtu asiyekuwa mla riba. Antonio hukopesha bila kudai ziada, na kwa kufanya hivyo huishusha riba ya mji. Hiyo ni mojawapo ya sababu ambazo Shylock anazitoa, akisema kando, za kumchukia. Mmoja anahatarisha bidhaa baharini, mwingine anakaa nchi kavu na fedha zake zinazaana. Ukutani mwa tofauti hii ndipo heshima ya neno "merchant" imeegemea, na mkataba wa dukati 3,000 kwa miezi 3, kwa dhamana ya ratili moja ya nyama, ndio unaoutikisa ukuta huo.

4.3.2 Waliokuwapo mlangoni

Njia iliyo wazi ya kupima visawe ni kuviweka kimoja kimoja katika nafasi ya anwani na kusikiliza kinachovunjika.

Mfanyabiashara wa Venisi ni sahihi na ni baridi. Neno hili limeundwa hadharani, mbele ya macho ya msomaji: mtu afanyaye biashara. Halisemi biashara gani, ya kiasi gani, wala ya wapi. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilikuwa imekwisha kulizoesha, likiandikwa kwa maneno mawili, mfanya biashara, kwa mtafuta lulu wa Injili ya Mathayo anayeuza vyote alivyo navyo kwa ajili ya lulu moja. Na wafanya biashara haohao ndio wanaoulilia Babeli katika kitabu cha Ufunuo. Neno linaloweza kumbeba mcha Mungu na mwovu bila kubadili sura ni neno zuri kwa mwandishi wa sheria. Kwa anwani ya tamthilia ni mlango usio na rangi.

Mchuuzi wa Venisi haihitaji maelezo marefu. Kuchuuza ni kuuza kidogo kidogo, Antonio angecheka. Mlanguzi ana kasoro iliyo kinyume: kulangua ni kununua ili kuuza kwa faida ya kupindukia, aghalabu wakati wa uhaba, na neno hilo humhukumu mtu kabla hajafikishwa mahakamani. (Mwaka 1983, katika kampeni ya serikali ya Tanzania dhidi ya wahujumu uchumi, walifikishwa.) Dalali yuko kati ya muuzaji na mnunuzi, na mali si yake.

Bazazi anastahili kusimamishwa kidogo, kwa sababu historia yake ni mfano wa kile kilichompata "monger". Katika Kiarabu neno hilo humtaja muuza nguo, basi. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki lilimtaja mfanyabiashara, kisha mfanyabiashara mjanja, na hatimaye mlaghai. Hakuna sheria ya sarufi iliyolazimisha safari hiyo. Watu waliouziwa nguo ndio waliolisukuma.

Linabaki neno tajiri, na hapa ndipo uhakiki unaposhutumu anwani ya 1969 ungepaswa kuanzia. Katika Kiarabu tajiri ni mfanyabiashara. Ndiye "merchant" hasa. Kiswahili cha pwani kililipokea neno kwa maana hiyo, na hadi leo mtu humsikia tajiri wa chombo akitajwa kwa kutofautishwa na nahodha: mmoja ni mwenye mali, mwingine ni mwenye usukani. Ukubwa upo, bahari ipo, hatari ipo. Tajiri wa Venisi ingekuwa, kwa Kiswahili cha Mombasa au Unguja cha karne ya 19, karibu tafsiri timilifu.

Lakini neno halikukaa hapo. Maana ya mtu mwenye mali iliimeza maana ya mtu anayeitafuta mali kwa safari, na methali inayomweka tajiri na maliye upande mmoja, maskini na mwanawe upande wa pili, inaonyesha upinzani mpya uliojengeka: kinyume cha tajiri si mchuuzi, ni maskini. Kwa msomaji wa Dodoma au Tabora mwaka 1969, Tajiri wa Venisi ingekuwa hadithi ya mtu mwenye fedha nyingi. Na kwa sehemu kubwa ya tamthilia Antonio hana fedha mkononi. Ndiyo maana anakopa. Anwani hiyo ingemwelekeza msomaji kwa Shylock, ambaye ndiye mwenye fedha, na kosa lingekuwa kubwa zaidi kwa kuwa lisingeonekana.

4.3.3 Bepari kabla ya Azimio na baada yake

Jambo linalosahaulika katika mjadala wa anwani hii ni kwamba bepari, kwa asili, ni kisawe cha "merchant". Neno limetoka katika lugha za Bara Hindi. Katika Kigujarati "vepari" ni mfanyabiashara, bila lawama wala sifa. Lilikuja na watu wenyewe waliofanya kazi hiyo, kwa njia ileile ya bahari na pepo za msimu iliyoleta duka, hundi na laki. Mtu aliyelitumia neno bepari katika miaka ya mwanzo hakuwa akizungumzia mfumo wa uchumi. Alikuwa akimtaja mtu mwenye mizigo bandarini.

Maana ya pili ilijengwa juu ya ile ya kwanza katika karne ya 20, wakati Kiswahili kilipohitaji maneno ya kujadili mtaji, tabaka na unyonyaji. Bepari likapewa kazi ya kumtaja mmiliki wa mtaji anayeishi kwa jasho la mwingine, likafungwa nira moja na kabaila, na katika lugha ya Azimio la Arusha la 1967 ubepari na ukabaila ni jozi isiyotenganishwa. Kutoka hapo neno halikurudi nyuma. Kijana aliyesoma Mabepari wa Venisi shuleni miaka ya sabini hakuhitaji kamusi kumjua bepari. Alikuwa amemwona katika vikaragosi, na kitambi chake.

Hivyo, mwaka 1969 neno lilikuwa na tabaka mbili za maana kwa wakati mmoja: ya zamani, iliyo sahihi kwa Antonio, na mpya, yenye kelele zaidi. Kusema kwamba mfasiri aliliacha neno la matini chanzi na kuleta jingine si kweli. Alichagua neno lililokuwa likigeuka mikononi mwa wasemaji, na kugeuka huko yeye mwenyewe alikuwa mshiriki mkuu. Kuna kitu kama kejeli katika hali hiyo, ingawa si rahisi kusema anayekejeliwa ni nani.

Ipo pia hoja ya kimofolojia inayoliunga mkono neno bepari, na haina uhusiano na siasa. Mfanyabiashara, mchuuzi, mlanguzi na mkopeshaji ni nomino za ngeli ya m-/wa- zilizonyambuliwa kutokana na vitenzi au zilizoambatanishwa navyo. Humtaja mtu kwa tendo lake, na tendo likikoma jina hulegea. Tajiri, bepari, bazazi na dalali ni nomino zilizokopwa nzima nzima. Chini yake hakuna kitenzi ambacho msemaji wa Kiswahili anakisikia. Humtaja mtu kwa alivyo, kama cheo au kama ukoo. Na "merchant", kwa sikio la Kiingereza, ni la kundi hili la pili. Antonio si mtu afanyaye biashara fulani asubuhi na kupumzika jioni. Ni aina ya mtu, na Venisi imejengwa na watu wa aina yake. Kwa kigezo hiki tajiri na bepari ndiyo maneno mawili pekee yaliyostahili kushindana, na imekwisha kuonekana kwa nini tajiri lilishindwa.

Tafsiri za wakati huo hazitoi kipimo kikubwa cha ulinganishi. Juliasi Kaizari na Makbeth ya S. S. Mushi (1968) ni majina ya watu, nayo huhamishwa kwa kubadilishwa tahajia tu. Tufani (1969), pia ya Mushi, ni nomino ya kawaida, lakini dhoruba haina itikadi. Mabepari wa Venisi ilikuwa peke yake katika shida iliyokuwa nayo.

4.3.4 Kiambishi

Iwapo kuna upotoshaji katika anwani, haumo katika shina la neno. Umo katika silabi moja: ma-.

Shakespeare aliandika umoja. Nyerere aliandika wingi. Tofauti hii imekuwa ikitajwa pembeni, kana kwamba ni matokeo ya kawaida ya kuchagua neno bepari, ilhali Bepari wa Venisi ilikuwa anwani inayowezekana kabisa, na ingekuwa anwani yenye uchokozi mkubwa zaidi. Umoja humlazimisha msomaji kuuliza: yupi? Jina la Kiingereza limefanya kazi hiyo tangu mwanzo. Tamthilia iliposajiliwa London mwaka 1598, kitabu cha usajili kiliandika majina mawili, la mfanyabiashara wa Venisi na, kwa jina jingine, la Myahudi wa Venisi. Toleo la kwanza la mwaka 1600 lilimtaja mfanyabiashara katika anwani kisha likautangaza ukatili wa Shylock chini yake. Hadi leo wapo watu wasioisoma tamthilia ambao huamini kuwa "merchant" wa anwani ni Shylock. Wanakosea, na kosa lao ni la maana, kwa kuwa hata ndani ya tamthilia jambo hilo huulizwa. Portia, aliyejibadili kuwa mwanasheria, anaingia mahakamani na kutaka kuelezwa yupi kati ya wale wawili ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi.

Wafasiri wa jukwaani wamelichukua swali hilo kwa namna mbalimbali: kama utaratibu wa mahakama, kama upofu wa haki, kama dharau. Kwa mada iliyo mbele, umuhimu wake ni kwamba swali lenyewe linawezekana. Watu wawili wanasimama, mmoja amejengewa heshima kwa miaka, mwingine amevumilia kutemewa mate, na mgeni anayeingia hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Ukuta wa sifa ya nne, ule unaomtenga "merchant" na mla riba, unaonekana kwa dakika moja kuwa mwembamba kuliko Venisi inavyoamini.

Anwani ya Kiswahili imemjibu Portia kabla hajauliza. Wote wawili ni mabepari.

Jibu hilo halikutoka hewani. Katika onyesho hilohilo Shylock anawaambia waliohudhuria kwamba wanao watumwa waliowanunua, wanaowatumikisha kama punda na mbwa, na hakuna anayedai waachiwe huru. Kwa nini basi yeye, aliyeinunua ratili yake kwa bei ghali, anyimwe? Mtawala wa Venisi hana jibu. Hakuna mahali pengine katika tamthilia ambapo wingi wa Nyerere unapata ushahidi wenye nguvu kama hapa: utajiri wote wa mji, wa Wakristo na wa Wayahudi, umesimama juu ya haki ya mnunuzi juu ya kilichonunuliwa, kiwe hariri, kiwe mtu. Hata Lancelot Gobbo, mtumishi pekee ambaye malalamiko yake ya kazi na njaa yanasikika, anamkimbia Shylock kwenda kwa Bassanio, ambaye sare anayompa imelipiwa, mtu akifuatilia daftari, kwa fedha za Shylock.

Kwa hadhira ya Afrika Mashariki wingi huo ulikuwa na ukweli wa ziada. Sheria ya Kiislamu iliitenga biashara na riba waziwazi, ya kwanza halali na ya pili haramu, na msemaji wa Kiswahili wa pwani aliijua tofauti hiyo tangu chuoni. Hata hivyo tofauti hiyo ni ya matendo. Haikuzaa aina mbili za watu katika msamiati, isipokuwa jina la tuhuma, mla riba, ambalo hakuna aliyelibandika mlangoni pake. Katika Unguja ya karne ya 19 aliyeuza kwa jumla na aliyekopesha alikuwa, mara nyingi, mtu mmoja. Nyumba ya biashara ya Jairam Sewji ilikodi ushuru wa forodha kwa miongo kadhaa na wakati huohuo ilikopesha. Taria Topan alimpa Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mali ya kusafiria bara, na malipo yakarudi kwa pembe za ndovu. Nguo na shanga zilitoka kwa mkopo, faida ya mkopeshaji mara nyingi ikiwa imo tayari ndani ya bei. Antonio na Shylock, kwa historia hiyo, walikaa baraza moja, na huenda walivaa kofia moja. Kiingereza chenyewe kilikuja kuliungama jambo hilo baadaye: taasisi zilizokua kutokana na nyumba za wafanyabiashara wa London, kama ile ya Baring iliyoanza mwaka 1762, zikaitwa "merchant banks", na neno lililokuwa likimkana mkopeshaji likawa jina lake la heshima.

4.3.5 Uso wa bepari

Faida hiyo ilikuwa na gharama, na ingekuwa si haki kuipitia haraka.

Gharama ya kwanza ni ya kisanaa. Swali lililojibiwa jaladani haliwezi kuulizwa upya kwa nguvu ileile. Msomaji wa Kiingereza anaanza upande wa Antonio na analazimishwa, polepole, kuushuku upande wake mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili anaanza akiwa ameambiwa asimwamini yeyote. Anapofika mahakamani hana cha kupoteza.

Gharama ya pili ni ya sifa ya tatu, hatari. Bepari katika maana yake mpya ni mtu aliye salama. Wengine ndio wanaohatarisha viungo vyao kwa ajili yake. Antonio ni kinyume. Ameufunua mwili wake, kwa maana isiyo ya sitiari, mbele ya kisu. Kiswahili kilikuja kupata neno lenye hatari ndani yake, mjasiriamali, lililoenea katika enzi ya soko huria. Jasiri na mali, bega kwa bega, kama wale wafanyabiashara wa London wa karne ya 16 waliojiita kwa jina la ujasiri. Neno hilo halikuwapo vinywani mwaka 1969, na lilipokuja lilikwenda kwa watengeneza sabuni na wachapa batiki wa vikundi vya mikopo midogo. Leo Mjasiriamali wa Venisi ingeleta picha ya mtu mwenye kibanda kwenye maonyesho ya Sabasaba.

Gharama ya tatu ni nzito zaidi. Bepari, nchini Tanzania, lilikuwa na uso. Kwa watu wengi wa miji midogo mfanyabiashara waliyemjua kwa jina alikuwa mwenye asili ya Bara Hindi, mwenye duka lililouza kwa fedha na kwa mkopo, anayeishi nyuma ya duka hilohilo. Neno lilikuwa limetoka katika lugha yake; sasa lilimrudia likiwa shtaka. Majengo ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, wengi wa waliopoteza mali walikuwa wa jamii hiyo. Katika mazingira hayo tamthilia kuhusu mji unaomhitaji mgeni kwa fedha zake na kumchukia kwa sababu hiyohiyo haikuwa habari ya mbali. Venisi iliwaweka Wayahudi wake katika mtaa wao tangu mwaka 1516, ikawaruhusu kukopesha na ikawadharau kwa kukopesha.

Hapa wingi wa anwani unafanya mambo mawili yanayopingana, na mhakiki hana sababu ya kuyapatanisha. Kwa upande mmoja unakataa kumtenga mgeni: ubepari ni wa Antonio kama ulivyo wa Shylock, ni suala la mali, wala si suala la damu au dini. Usomaji huu unaafikiana na msimamo uliotangazwa wa Ujamaa, kwamba adui ni unyonyaji wala si rangi ya mnyonyaji. Kwa upande mwingine, neno lililochaguliwa kuubeba usawa huo lilikuwa tayari linanong'ona jina la jamii moja. Msomaji aliyetaka kusikia mabepari kama mfumo aliweza. Aliyetaka kusikia majirani zake wenye duka aliweza pia, na anwani haikumzuia. Maneno mfanyabiashara na tajiri yasingeweza kufanya lolote kati ya hayo mawili, na huo ndio ubaridi wao na ndiyo heri yao.

Lawama kwamba Nyerere alilikosea neno la Shakespeare haina, basi, mahali pa kusimama: bepari lilikuwa karibu zaidi na "merchant" kuliko washindani wake wengi, na lilikuwa mbali nalo kwa sababu tofauti na zile zinazotajwa. Linaloweza kulaumiwa ni kuharakisha hukumu ambayo tamthilia huichelewesha kwa matendo manne. Katika tendo la tano, baada ya kesi, Portia anampa Antonio barua. Merikebu tatu zilizodhaniwa zimezama zimefika bandarini zikiwa na shehena kamili. Portia hasemi barua hiyo aliipataje. Antonio anakiri kwamba hana la kusema. Kwa Kiswahili cha tajiri na nahodha, mtu huyo amekuwa tajiri tena, kwa maana zote mbili za neno.